Namba Chini ya Picha ya Wifi

Kwenye ukumbi wa kuingilia idarani kwetu kuna skrini kubwa ambayo siipendi hata kidogo. Imetundikwa mkabala na meza yangu, kwa hiyo tangu nifungue droo asubuhi mpaka niifunge jioni tunatazamana. Inaonyesha picha za wahadhiri, mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila picha kuna namba. Namba ile ni idadi ya mara ambazo watafiti wengine, popote walipo, wametaja makala za mtu huyo ndani ya makala zao. Ukitajwa, inapanda. Nimeona watu wazima, watu wenye wajukuu, wakisimama pale wakijipapasa mifuko kana kwamba wamepoteza funguo, kumbe wanasubiri picha yao ifike. Ikifika huikodolea macho, kisha huenda zao wamevimba au wamenywea, kutegemea.

Mimi ni katibu muhtasi wa idara. Napanga vikao, naandika kumbukumbu, napokea wageni na kusikiliza umbea nisioutafuta. Miongoni mwa picha za skrini ile ilikuwamo ya wifi yangu, mke wa kaka yangu, amekunja uso. Mpiga picha alimwambia atabasamu, naye wakati huo alikuwa ameacha seli mezani zinakufa. Kusema kweli hakuwa mtu wa kuchekea kamera hata siku za kawaida.

Lawama za ndoa yao ni zangu. Kaka yangu ni fundi wa friji. Siku moja friji ya maabara iligoma, nikampigia simu aje, nikamwelekeza chumba cha mwisho wa korido. Alikaa humo muda ambao friji ile haikuuhitaji. Alipotoka akaniuliza, "Yule dada wa humo ndani, huwa anaongea?" Nikamwambia huwa anaongea, ila si na mafundi. Leo wana nyumba yao, mimi naishi chumba cha uani, na wakigombana kila mmoja ananiletea mimi mashtaka yake.

Chumba kile cha mwisho wa korido ndicho kilichokuwa roho ya wifi. Ndani kuna meza nzito inayoelea juu ya hewa iliyobanwa, ili mtu akitembea nje au lori likipita barabarani, hadubini isitikisike. Meza imezungushiwa kizimba cha wavu wa chuma kuzuia umeme wa taa na mashine za jirani. Wifi anachunguza seli za moyo. Kwenye utando wa kila seli kuna vijilango vinavyopitisha chembe za chumvi zenye umeme, na wataalamu wanaviita chaneli za ioni. Vikifunguka na kufungwa kwa zamu, moyo unapiga. Vikikwama, mtu anaanguka. Kazi ya wifi ilikuwa kusikiliza umeme wa kijilango kimoja.

Anayeyusha kioo, anakivuta mpaka kinakuwa mrija mwembamba kuliko unywele, anaushusha chini ya hadubini hadi ncha iguse seli, halafu anavuta pumzi kidogo kwa mdomo kupitia mpira mwembamba. Akivuta sana, seli inapasuka. Akivuta kidogo, haishiki. Siku nyingine anapoteza seli tangu asubuhi mpaka jioni na kurudi nyumbani hana la kusema. Kaka alikuwa akimtania, "Hizo seli zinabusiwa kuliko mimi." Wifi humjibu bila kuinua macho, "Zenyewe hazikoromi."

Kwa kazi ya namna hiyo mtu hatoi makala kila wiki. Wifi alitoa moja, akakaa kimya, akatoa nyingine. Namba yake ilikuwa ya kutia huruma, na kwenye skrini alikuja mwisho, baada ya mhadhiri aliyekwisha kustaafu. Yeye hakujali. Mimi ndiye niliyeumia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitazamana na picha yake.

Kisha mkuu wa idara akaitisha kikao. Mkuu wetu ana tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa, halafu mkono huohuo anakupa salamu. Alilamba, akafunua, akatangaza kwamba vyumba havitoshi, na kwamba mwisho wa mwaka chumba cha meza inayoelea kitapewa mtu ambaye namba yake inakistahili. "Hatumfukuzi mtu," alisema. "Namba ndizo zitakazosema."

Wifi akauliza, asiye na chumba kile atasikilizaje seli. Mkuu akamwambia anaweza kuandika makala za kukusanya kazi za wengine, kwani hizo hutajwa zaidi na hazihitaji meza yoyote. Niliandika maneno hayo kwenye kumbukumbu. Basi mambo yakawa hayo: namba ipande, au chumba kiondoke.

Siku iliyofuata akaja mhadhiri mmoja ambaye sisi wa ofisini tunamwita Kijumbe. Jina lilitoka kwenye upatu, ule mchezo wa watu kuchangiana kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, ambapo kijumbe ndiye anayekusanya na kugawa. Upatu wa huyu wetu haukuwa wa fedha. Alikuwa na wenzake hapa na kwenye vyuo vingine, na kila mwezi wote wenye makala inayotoka walimtaja mmoja wao, inahusika au haihusiki. Mwezi ujao, mwingine. Mtu wa figo alimtaja mtu wa macho, mtu wa macho akamtaja mtu wa minyoo. Namba ya Kijumbe pale kwenye skrini ilipanda hata akiwa likizo.

Ana viganja vya jasho na anapenda kushika watu mabega. Alimshika wifi bega mbele ya meza yangu. "Dada, unajitesa bure. Ingia kwenye mchezo. Zamu yako tutaileta mbele, mwaka haujaisha."

"Mnasoma mnachokitaja?" wifi akamuuliza.

Kijumbe akacheka kwa upole. "Nani ana muda huo? Sisi hatusomani, tunaaminiana."

Wifi aliuondoa mkono ule begani kwa vidole viwili, akaenda kunawa. Nilisikia bomba likimwaga maji kwa muda mrefu.

Nilidhani yameisha. Lakini asubuhi moja, nikiwa na chai yangu, picha ya wifi ikapita kwenye skrini na namba chini yake haikuwa ile niliyoizoea. Nikasubiri izunguke tena. Haikuwa ile. Juma lililofuata ikawa imepanda zaidi. Nikaenda kumgongea Kijumbe mlango, nikamuuliza kama ni yeye. Hata hakujificha. Alisema mchezo ukichezwa na walewale kila siku majarida huanza kunusa, kwa hiyo mara kwa mara wanahitaji kumtaja mtu wa nje, na wifi ana jina safi. "Mwambie ni zawadi," akasema, makombo ya biskuti yakimtoka mdomoni. Zawadi, kumbe walikuwa wanamtumia kama kitambaa cha kujipangusia.

Makala waliyoichagua ni ile ambayo kichwa chake kilisema kwamba kemikali fulani inafunga chaneli ya potasiamu kwenye seli za moyo. Wengine walitarajia siku moja kemikali hiyo iwe dawa ya watu wenye mapigo yasiyotulia. Kichwa kile kilifaa kupachikwa popote, nao walikipachika popote.

Nyumbani kaka alifurahi. Alileta soda, akataka tugonge glasi. Wifi alikaa na glasi yake mkononi bila kunywa. "Sijui wamenipenda lini," alisema. Nilipomweleza habari ya Kijumbe aliiweka glasi chini. "Kwa hiyo mimi nimo mchezoni bila kucheza." Makala ile ilikuwa kazi ya mikono yake, aliiamini, na mtu hawezi kuwakataza wengine kutaja jina lake. Na chumba kilikuwa kinaokoka.

Halafu mabomba ya sindano yakaisha stoo. Nasema yale ya plastiki, ya kutumia na kutupa, ambayo wifi alikuwa akiyatumia kuzimwagia seli kemikali. Oda ilichelewa, kama kila oda yetu. Akapekua makabati, akapata bomba la kizamani la kioo, akalichemsha, akalijaza kemikali ileile na kuzimwagia seli za aina ileile. Chaneli zikabaki wazi. Akadhani kemikali imeharibika, akachanganya nyingine. Zikabaki wazi.

Mtu mwingine angesubiri plastiki ziletwe na kusahau. Wifi akachimbua droo mpaka akapata bomba moja la plastiki lililosahaulika, akalijaza maji ya chumvi matupu, bila tone la kemikali, akaliacha mpaka kesho yake. Alipozimwagia seli maji yale, chaneli zikafungwa.

Akaniita niende nikaone. Mistari ya kwenye kompyuta siielewi, ila uso wake niliuelewa. "Si kemikali," alisema. "Ni plastiki. Kuna kitu kinatoka kwenye bomba lenyewe kinaingia majini."

Nikamuuliza ilikuwaje asilione hilo tangu mwanzo. Akanieleza taratibu, akijichukia kwa kila neno. Kila jaribio lilikuwa na maji ya kulinganishia, yasiyo na kemikali, na maji hayo aliyateremsha kutoka kwenye chupa ya kioo. Kemikali peke yake ndiyo iliyopita kwenye plastiki. Kwa hiyo kila alipodhani anapima kemikali, alikuwa anapima bomba. "Nimeandika makala nzima juu ya bomba la sindano," alisema. Akacheka kidogo, kisha akainama kwenye sinki akatapika.

Jioni ile mezani kwetu palichafuka. Wifi alisema ataliandikia jarida liiondoe makala. Kaka, ambaye hajawahi kumpandishia sauti, akaisukuma sahani. "Umegundua peke yako. Hakuna aliyekuuliza. Subiri mwaka uishe upewe chumba, ndipo uiondoe."

"Kuna watu wanatafuta dawa kwa kuiamini hiyo makala."

"Wanaitaja tu. Wewe mwenyewe umesema hawaisomi."

"Inatosha mmoja aisome."

Kaka akanigeukia mimi, nimuunge mkono. Nikamwambia wanaume wa ukoo wetu wakishashindwa ndipo wanatafuta shahidi. Alinuna mpaka akaenda kulala bila kuaga. Kesho yake asubuhi aliwasha gari lake la kazi, akahamisha mitungi ya gesi kutoka kiti cha mbele, akampeleka mkewe mpaka mlangoni pa idara.

Jarida likachapa tangazo. Wifi aliliandika mwenyewe, fupi, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Alisema matokeo ya makala ile si sahihi. Alisema kilichofunga chaneli ni kitu kilichotoka kwenye plastiki, wala si kemikali, na kwamba kosa ni lake na mtu yeyote asiitumie kazi ile. Juu yake paliandikwa kama ilivyo kawaida ya matangazo hayo: "Tangazo la kuondoa makala," halafu kikafuata kichwa cha makala yenyewe, kizima kama kilivyokuwa.

Makala ilipoondolewa, hesabu ya waliyoitaja iliondoka nayo, namba yake ikaporomoka. Akarudi nyuma ya mstaafu. Wenzake, walioona namba tu, wakaanza kumkwepa kwenye chumba cha chai, pale penye vikombe visivyooshwa na kijiko kimoja kinachopita kila mdomo. Walikaa meza moja na Kijumbe wakicheka, lakini wifi akiingia kila mtu alikumbuka ana kipindi. Utadhani yeye ndiye aliyeiba. Niligeuza kiti changu nikaipa skrini mgongo, na shingo ikaniuma miezi yote iliyobaki kwa kupokea wageni nikiwa nimepinda.

Mwisho wa mwaka mkuu akaita kikao cha kugawa vyumba. Wifi alikuja na ufunguo mkononi, tayari kuukabidhi. Mkuu akalamba kidole, akafunua, akatabasamu. "Chumba cha meza inayoelea kinabaki kwa mwenyewe," alisema. "Mwaka huu hakuna aliyepanda kama yeye. Tumpigie makofi." Wakapiga. Kijumbe alipiga kuliko wote.

"Kwa kazi gani?" wifi akauliza.

Mkuu akaitazama karatasi, akasoma kwa sauti ya kusifu: "Tangazo la kuondoa makala." Akaendelea na kichwa chote mpaka mwisho, wala hakusita.

Nilielewa kabla hajamaliza, na nadhani wifi pia. Watu wa Kijumbe waliambiwa wamtaje, wakafungua orodha ya kazi zake, wakachukua ya juu kabisa, ile mpya, wakaipachika. Miezi yote hiyo walikuwa wakiandika kwamba kemikali inafunga chaneli, na ushahidi wao ni tangazo linalosema haifungi.

Wifi akamgeukia Kijumbe. "Mliponitaja, mliandika nini?"

"Kwamba umethibitisha," Kijumbe akajibu. "Kemikali inafunga. Si ndiyo kazi yako?"

Wifi akatoa simu yake, akawasomea tangazo lote, taratibu, kama alivyoliandika. Mimi nilizitazama nyuso. Nilitegemea kuona aibu, nikaona watu wanapiga hesabu. Mtu wa minyoo alitazama dari. Mkuu aliuliza swali moja tu.

"Sasa hiyo itashusha namba?"

Kijumbe akamhakikishia haishushi. Kutajwa ni kutajwa, alisema, mashine haiulizi umetajwa kwa lipi.

"Basi hakuna tatizo," mkuu akasema, akashusha pumzi. "Daktari, umeinua namba ya idara nzima. Chukua chumba chako ufanye kazi kwa amani. Na wewe," akanigeukia, "hayo ya plastiki usiyaandike."

Nimekaa na watu hawa miaka mingi na nimewafichia mengi, ila siku ile nilitamani kujisugua mpaka ndani ya masikio. Nikamtazama wifi. Ufunguo ulikuwa unageukageuka vidoleni mwake. Hakuna kitu kisicho na pumzi ambacho aliwahi kukipenda kama chumba kile, na kilikuwa chake tena, bila yeye kudanganya mtu. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Moyoni nilimwomba anyamaze.

"Andika," akaniambia mimi, si mkuu. "Andika kwamba tangazo langu lisihesabiwe."

"Ukiondoa hilo huna kitu," mkuu akasema.

"Najua."

"Chumba kitakwenda kwa anayefuata."

Anayefuata alikuwa Kijumbe, na tayari alikuwa amenyoosha mkono. Wifi hakumpa. Aliuweka ufunguo katikati ya meza, akausukuma mbali kidogo, ili mwenye kuutaka ainuke kuufuata. Kijumbe akainuka. Mimi niliandika kila neno, na ya plastiki nikayaandika kwanza.

Mkataba wake ulipoisha hawakuuongeza. Aliondoka na mkoba na lile bomba la kioo. Kijumbe hajui kuiwasha hewa ya meza, kwa hiyo meza haielei tena. Ameweka juu yake birika la umeme na sahani ya biskuti, na kizimba cha wavu anatundikia koti lake. Na skrini, ukitaka kujua, bado inamwonyesha wifi. Mkuu alikataa picha itolewe, kwa kuwa namba ingali inapanda na inahesabika kwa idara. Wageni wakija huwasimamisha pale. "Huyu ni mtafiti wetu," anawaambia, akionyesha kwa kidole kile. Kila siku namwona mwanamke aliyekunja uso akisifiwa kwa jambo ambalo alikaa akaandika kwamba si kweli, nami nazima kompyuta yangu nikiwa na ladha mbaya mdomoni.

Siku hizi wifi anafanya kazi maabara ya hospitali, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Anapima chumvi za damu, potasiamu na sodiamu, zilezile za kwenye vijilango vyake, ila sasa zinafika kwenye kichupa chenye jina la mtu. Anaandika namba, inakwenda wodini, kinakuja kichupa kingine. Kaka humwuliza kama nako anabusu. Anamrushia kitambaa cha mezani.

Wiki iliyopita alirudi amechoka, akaketi bila kuvua viatu. "Leo daktari wa wodini amenipigia simu," alisema. "Amenigombeza. Anasema potasiamu niliyomwandikia mgonjwa wake haiwezekani, kwamba mtu wa namba ile angekuwa ameshakufa, naye mgonjwa amekaa kitandani anadai chakula."

Kaka akaacha kutafuna. "Amekutukana?"

"Karibu. Nikaomba damu nyingine, nikapima upya. Ile ya kwanza ilitikiswa njiani, seli zikapasuka zikamwaga potasiamu yake yote. Ilinipasa nilione hilo, sikuliona. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Kaka alikuwa ameshakunja ngumi kwa niaba yake, akawa hajui aipeleke wapi. Maana wifi alikuwa anatabasamu, lile tabasamu ambalo mpiga picha alilikosa.

"Ameisoma, wifi," akaniambia. "Ameisoma mpaka akakasirika."